Mwaka wa Tembo na Punda

Jumanne, tarehe kumi na nane Novemba. Tangu alfajiri mawingu yalijikusanya upande wa ziwani, saa nne yakadondosha matone ya kuhesabika, kisha upepo ukayasukuma kwenda Meatu na jua likatoka kama vile halijaambiwa kuna msiba. Tumemzika Mzee Maduhu. Watu wa nzengo, yaani majirani wa kitongoji, walianza kuchimba mapema, ardhi ikiwa bado ngumu, na kila jembe liliposhuka lilitoa mlio kama linagonga bati. Ilipofika zamu ya kutupa udongo, Mzee Jilala aliletwa ameshikwa huku na huku, maana macho yake yamekwisha na magoti hayamtaki tena. Akachukua konzi yake, akageuza uso kule alikosikia sauti ya mtendaji wa kata, akasema kwa nguvu: "Nkoyi, umeona? Serikali yako imekuja. Imechelewa, lakini imekuja." Waombolezaji wote wakacheka, hata mjane, halafu tukaona aibu na kuinamisha vichwa. Mama mmoja mgeni aliyeketi karibu nami kwenye mkeka akaniuliza huyu mzee ana adabu gani, kumtania maiti. Nikamwambia ni rafiki yake, ndiyo maana amemwita nkoyi. Akasema, rafiki gani huyo? Nikashindwa kumjibu kwa maneno machache, ndiyo maana niliporudi nyumbani nimelivuta daftari hili.

Mimi niliishia darasa la saba, na naandika kwa mazoea tu, kama mwingine anavyosuka ukili. Kwa hiyo nikiitaja Amerika, naomba mtu asidhani naijua. Naijua kwa jinsi ilivyotoka kwenye redio ya shangazi yangu, iliyokuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili mfuniko wa betri usianguke. Mwaka wenyewe ni ule ambao benki kubwa za huko ziliyumba, na sisi Bariadi bado tulikuwa tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga. Nilikuwa binti mkubwa, ninaishi kwa shangazi, ninamsaidia kwenye kibanda chake cha chai kilichokuwa mbele ya nyumba. Kuta zake zilikuwa mabua na magunia, benchi mbili, meza moja ya mbao za maboksi, na jiko la mafiga ambalo moshi wake ulimfuata mteja popote alipokaa. Tuliuza chai ya rangi, vitumbua, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Asubuhi na mapema, kabla ya wateja wengine, walifika wazee wawili, kila mmoja kutoka upande wake wa njia, kama vile wameitwa na kengele moja.

Mzee Maduhu alikuwa karani wa mizani wa ushirika wa pamba kwa miaka mingi, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na kazi yake ikaisha. Alikuwa mrefu, mwembamba, alitembea kama mtu aliyebeba faili kwapani hata kama hana kitu. Mzee Jilala alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na punda wanne waliovuta mikokoteni yake, na kila wakati kope zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la pumba. Walichunga ng'ombe pamoja tangu utotoni. Jambo moja tu hawakupatana katika maisha yao yote: kazi ya serikali ni nini. Mzee Maduhu alisema serikali ni mzazi, na mzazi hamwachi mtoto sokoni na walaghai. Mzee Jilala alisema serikali ni mgeni, akija umpe kiti, umpe maji, umwonyeshe njia. Najaribu kuyaandika maneno yao kama walivyoyasema, bila kumpunja mmoja, ingawa nakiri wakati ule kila aliyesema mwisho ndiye niliyemwona ana haki.

Habari ya Amerika ilianza kuelekea mvua za kwanza, watu wakiwa wanangoja mbegu za pamba. Redio ilisema kule Amerika kuna vyama viwili vikubwa vinavyovutana, kimoja kinataka serikali ishike mambo mengi ya uchumi na kingine kinataka ikae kando. Mtangazaji akaongeza, kama kionjo, kwamba alama ya kimoja ni tembo na ya kingine ni punda. Hakusema yupi ni yupi, au alisema sisi tukiwa tunakuna nazi, maana mashine ya Mzee Jilala nayo ilikuwa inanguruma. Lakini nani pale kibandani alihitaji kuambiwa? Mzee Maduhu alipiga meza. "Tembo ni wa serikali," akasema. "Hilo halina mjadala." Na kweli, kwa mtu wa huku, tembo ni wa serikali. Wanatoka hifadhini wakati mahindi yanakomaa, wanafyeka shamba kuanzia ncha hadi ncha, na ole wako umguse. Unaandika barua, anakuja ofisa, anapima kwa hatua, na siku moja ukijaliwa unapata kifuta machozi. Punda je? Punda ni wa mtu. Hana ofisa, hana barua, hata dawa yake unanunua mwenyewe. "Basi mimi ni wa punda," akasema Mzee Jilala, "na hawa wangu wanne ndio kamati kuu." Shangazi akacheka mpaka chai ikamwagika motoni.

Redio nayo ikatuthibitishia, na hili nalisema ili asije mtu akatuona wajinga kupita kiasi. Waliokuwa madarakani kule wakati huo walikuwa chama cha tembo, na ndio hao hao waliotaka fedha ya serikali iende kuziokoa benki. "Mnasikia?" Mzee Maduhu alisimama kabisa, kitumbua mkononi. "Tembo anamshika mkono aliyeanguka!" Mzee Jilala akajibu kwamba benki iliyoanguka iachwe ilale chini ijifunze, na kwamba punda akianguka humpi fedha, unampunguzia mzigo. Tangu siku hiyo walivaa vyama vile kama mashati. Uchaguzi wa kule ulipofika, punda wakashinda, Mzee Jilala aliwafunga punda wake vitambaa vyekundu shingoni na kuwapitisha mbele ya nyumba ya rafiki yake mara mbili. Mzee Maduhu hakunywa chai siku tatu. Ya nne alikuja, akakaa, akatoa salamu ya asubuhi, "Mwangaluka," na Mzee Jilala akaitikia, "Mwangaluka mhola, mpinzani," na wakaendelea.

Siku hizi, nikiwa kwenye cherehani, nawasikia watu wakibishana habari za huko kupitia simu zao, na wanatukanana na watu wasiowajua, halafu wanakaa na hasira bila wa kumpelekea. Sitaki kusema zamani kulikuwa kwema, kwa sababu wazee wangu nao walitukanana vibaya sana. Niliwahi kumsikia Mzee Jilala akimwita mwenzake "stempu kavu", na Mzee Maduhu akimwita "mlanguzi wa pumba". Tofauti ninayoiona, na huenda nakosea, ni kwamba sukari pale mezani ilikuwa moja, ndani ya kopo moja lenye kijiko kimoja, na lazima umwombe uliyemtukana akusogezee.

Baada ya mwaka mpya mambo yalianza kutuchanganya. Redio ikasema sasa punda ndio wanaotaka serikali imwage fedha nyingi kufufua uchumi, na tembo ndio wanaopinga. Mzee Maduhu akasema tembo wana hasira za kushindwa, zitapoa. Mzee Jilala alichokonoa meno, mwishowe akasema punda wake wamelewa madaraka kama walevi wote. Nikiangalia nyuma naona kila mmoja alianza kuhisi kitu, lakini mtu akishavaa shati mbele za watu si rahisi kulivua. Mimi sikuwa na muda wa kufikiri. Nilikuwa na ekari mbili za pamba, zangu mwenyewe, za kwanza maishani, na nilikuwa na neno moja tu kichwani: Maswa. Kule masista walikuwa na darasa la ushonaji, na walikuwa wameniandika, nafasi yangu itashikiliwa hadi mwisho wa mwezi wa saba. Pamba ile ndiyo ilikuwa karo, kitambaa cha kujifunzia na nauli. Bila hiyo ningebaki kukoroga chai, na si kwamba chai ni kazi mbaya, ila haikuwa yangu.

Nilivuna mwenyewe na akina mama wawili wa jirani. Pamba yote niliiweka katika chumba nilicholala, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Ilipanda mpaka ikagusa paa, kitanda kikafunikwa, nikawa nalala juu yake kichwa kikiwa karibu na bati. Watu hudhani ni raha. Pamba mbichi ina joto kama mgonjwa, ina mbegu ngumu zinazokuchoma mbavuni, na wale wadudu wekundu wanatembea shingoni. Shangazi alipiga marufuku kibatari mle ndani, nikawa navaa na kuvua nguo kwa kupapasa. Lakini kila nilipojigeuza nilijisemea: hii ni Maswa inayonichoma.

Kisha bei ikatangazwa. Ilikuwa imeshuka sana kuliko ya msimu uliotangulia, na karani wa kituo cha kununulia alipoulizwa akasema wanunuzi wa nje hawana fedha, benki zao zimeyumba. Nakumbuka nilivyosimama pale na kanga yangu kiunoni. Miezi yote ile nilikuwa nikisikiliza Amerika kama hadithi ya wazee, nikiwaongezea chai. Kumbe ilikuwa inakuja taratibu kuelekea chumbani kwangu.

Asubuhi iliyofuata kibandani hapakuwa na utani. "Minza asiuze," alisema Mzee Maduhu, akininyooshea kidole. "Serikali haiwezi kumtupa mkulima wa pamba. Itatoa tamko."

"Tamko linashonwa?" Mzee Jilala akauliza. "Binti anataka kwenda kwenye cherehani, wewe unampa tamko."

"Walanguzi walipokuja na mizani iliyofungwa jiwe chini, ulisema nini wewe?"

"Na ushirika wako ulipobeba pamba ya baba yangu ukamwachia karatasi, ulisema nini wewe? Minza, uza leo. Kesho bei itashuka tena. Soko halina shangazi."

"Mnaongea juu ya mtoto wangu kama vile hayupo," shangazi alisema, akipunguza moto ili chai isichemke zaidi. "Na tangu mlipoanza hiyo Amerika yenu, haijawahi kulipia hata kitumbua kimoja."

Wakati huo aliingia Mwalimu Kwangu, mwanamke mfupi aliyefundisha historia sekondari, kuchukua vitumbua vya wanawe. Mzee Maduhu akamwita awe mwamuzi. Akamweleza kwa kirefu jinsi tembo, chama cha serikali, wanavyofahamu kwamba mkulima haachwi peke yake. Mwalimu alisikiliza akiwa amefunika kisahani chake kwa mkono ili nzi wasitue. "Mzee wangu," akasema polepole, "samahani. Kule ni kinyume. Punda ndio wanaotaka serikali ifanye mengi. Tembo ndio wanaotaka ipungue. Ile ya benki ilikuwa dharura, na hata wao kwa wao waligawanyika."

Mzee Jilala aligeuka akawatazama punda wake waliofungwa kwenye mti wa ng'ambo ya njia, akawatazama kwa muda mrefu kama mtu aliyegundua watoto wake wanavuta bangi. Mwalimu, kwa kuona huruma, akasema kwamba hata kule watu wenye akili wapo pande zote mbili, wengine wamepigwa na soko, wengine wamepigwa na ofisi, na kila mmoja hukumbuka fimbo iliyompata. Wazee wakamshukuru. Kisha wakaondoka, mmoja huku, mwingine kule, vikombe vikiwa nusu.

Kesho yake hawakuja kunywa chai, na mimi nikaogopa, maana nafasi ya Maswa ilikuwa imebakiza wiki mbili na wale ndio watu pekee niliowategemea kwa ushauri. Saa tatu hivi, nikiwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria kwa majivu, Mzee Maduhu alitokea kwenye uzio wa minyaa. Alikuwa hana kofia. "Minza, mwanangu, kauze," akasema.

"Baba, jana ulisema nisiuze."

"Jana nilikuwa najua mambo. Mtu aliyemshangilia mpinzani wake miezi tisa bila kujua, anajua nini tena? Msikilize Jilala. Yeye sokoni yupo kila siku." Akaondoka kabla sijaosha mikono.

Mchana, jua likiwa kichwani, nikasikia kwato, nikamwona Mzee Jilala anakuja na punda mmoja asiye na mzigo wowote. Alijifanya anamfunga kamba. "Nimelala nikawaza," akasema bila kunitazama. "Subiri. Usiuze. Maduhu alikaa ofisini miaka mingi, anajua serikali inavyopumua. Mimi nina mashine ya mpunga tu. Kama nilikuwa na punda wanne uani na sijui punda anataka nini, nikushauri mimi ni nani?"

"Baba, na Mzee Maduhu amekuja asubuhi akaniambia niuze."

Akanitazama sasa. Mdomo ukamcheza kama anataka kucheka, akajizuia. "Kweli?" akasema. "Maduhu kasema hivyo? Kwa mdomo wake?" Akampiga punda kofi la mapaja, wakaondoka wote wawili, na nikamsikia akicheka peke yake mpaka alipovuka njia.

Niliingia chumbani, nikapanda juu ya pamba yangu, nikalia kidogo. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu wa kuambiwa, na nikikosea nina wa kumlaumu. Sasa kila mmoja alikuwa amenirudishia mzigo wangu kwa heshima kabisa. Sikuwa na hesabu za wakubwa kichwani. Nilichokiona ni hiki kimoja: nafasi ya Maswa ilikuwa na tarehe, na tamko halikuwa na tarehe. Nikashuka, nikamwambia shangazi nitauza Alhamisi. Akaniita mama kwa Kisukuma, "Sawa, mayu," kama vile nimemwambia nakwenda kuchota maji.

Alhamisi asubuhi mkokoteni wa Mzee Jilala ulikuwa mlangoni bila kuuagiza, akakataa malipo akisema punda wanahitaji kutembea watubu. Tulipakia pamba kwenye mashuka makubwa na kuyafunga. Tulipofika kituoni nikamkuta Mzee Maduhu. Alikuwa amevaa koti lake la ushirika, la kijani, lililopauka mabegani, limepigwa pasi. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja akasimama kando ya mizani, mikono nyuma.

"Mzee, sogea kidogo," karani kijana akasema.

"Nitasogea. Kwanza rudisha mshale kwenye sifuri, mjukuu wangu."

Karani akatazama. Mshale kweli ulikuwa umekaa pembeni. Sisemi alikusudia, mizani huchoka kama watu, na kijana mwenyewe aliona haya akaurekebisha haraka. Watu wa nyuma kwenye foleni walinong'onezana, na mama mmoja aliyekwisha pimiwa akarudisha furushi lake lipimwe tena, akarudiwa bila ubishi. Mzee Jilala, juu ya mkokoteni, alivuta kofia machoni. "Mimi siku zote nasema kila mtu aachwe afanye biashara yake," akasema kwa sauti. "Siondoi neno langu. Lakini Maduhu, usitoke hapo ulipo." Na hakutoka. Alisimama mpaka saa kumi, hata mzigo wangu ulipokuwa umekwisha zamani, bila kulipwa na mtu, akiomba kila mara mshale urudi sifuri.

Lazima nitende haki nikiandika. Wiki kadhaa baadaye, nikiwa Maswa tayari, nilisikia kwamba serikali imetia mkono kwenye mambo ya pamba na bei ikapanda kidogo. Waliosubiri walipata zaidi yangu. Msaada wenyewe ulimfikia nani hasa sijui, kila mtu alisema lake. Na wengine waliosubiri pamba yao ilinyeshewa. Kwa hiyo sikuweza kumwambia Mzee Maduhu kwamba alikosea, wala Mzee Jilala kwamba alipatia, na mpaka leo, nikiwa na mafundi watatu na vyerehani vinne karibu na soko, nikiulizwa serikali ifanye nini na iache nini, najibu kwa kusitasita. Wao hawakusita. Walibishana miaka yote iliyofuata, na Mzee Maduhu alikataa katakata kuhama chama. Alisema amewatetea tembo kwa muda mrefu mno kuwaacha, na kwamba siku moja watabadilika. Mzee Jilala alikaa na punda wake kwa sababu hiyo hiyo, akisema mtu hamfukuzi mnyama kwa kuwa ana mawazo mabaya.

Jioni ya siku ile niliyouza nilifagia chumba, nikauona ukuta wake kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, una alama ya ukungu kama ramani. Shangazi alichinja jogoo. Kulikuwa na wali wa mpunga mpya, alioleta Mzee Jilala kwenye kikapu, na mchuzi wa kuku na nyanya, na kisamvu kilichobaki cha mchana. Tulikaa ndani ya kibanda, milango ya magunia imefungwa juu ili upepo upite. Firigisi ilikuwa juu ya wali wa wanaume, mahali pake. Mzee Jilala akaisukuma kwa Mzee Maduhu, akasema, "Kula, wewe ndiye uliyemwambia auze." Mzee Maduhu akairudisha: "Ushauri ulikuwa wako tangu mwanzo, mimi niliubeba tu." Ikaenda, ikarudi, mpaka ikapoa. Shangazi alitaka kuwakemea, lakini Mzee Maduhu aliinua mkono, akaichukua kwa vidole vitatu, akainama mbele, akaiweka kwenye sahani yangu. Nilimtazama shangazi. Kwetu binti hali firigisi. Shangazi akatazama pembeni, akajipakulia kisamvu. Nikaila.